Masafa ya Atanguliaye na Afuataye: Habari za Njia ya Masasi na Newala

Mtu atokaye Masasi kwenda Newala husafiri yapata kilomita 70, na katika mwendo huo usio mrefu hupita nchi mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni tambarare ya Masasi, yenye milima ya mawe iliyosimama mmoja mmoja, na mikorosho, na mto Mwiti ambao wakati wa masika humlazimisha msafiri kukumbuka kwamba ni mto. Ya pili ni uwanda wa juu wa Wamakonde, ambao ukingo wake wa magharibi umekatika kwa ghafla kiasi kwamba mahali pamoja pa ukingo huo, pale Newala, watu wamepaita Shimo la Mungu, kwa kuwa asimamaye hapo huliona bonde lote liendalo Ruvuma likiwa chini ya miguu yake. Baina ya nchi hizo mbili upo mlima ambao kila gari lenye safari ya Newala halina budi kuupanda, na kila gari lirudilo Masasi halina budi kuushuka, nao umewafundisha madereva mambo ambayo barabara tambarare haiwafundishi.

Katika njia hiyo, kama katika njia zote za Tanzania, ipo kanuni moja ambayo madereva, matingo, askari wa usalama barabarani, na hata abiria ambao hawajashika usukani tangu kuzaliwa, huitaja pasipo kusita, kwamba aliyegonga kwa nyuma ndiye mwenye makosa. Kanuni hiyo ina hekima yake, kwa maana aliye nyuma anamwona mwenziwe, ilhali aliye mbele hakujaaliwa macho ya kisogoni, na mwenye kuona ndiye apasaye kujihadhari. Lakini naona imefupishwa kupita kiasi. Zama za wasafiri wa miguu, katika nchi hii hii, dhima ya masafa baina ya atanguliaye na afuataye iligawanywa kwa wote wawili, na aliyetangulia alikuwa na deni lake; sheria zilizokuja baadaye kutoka ng'ambo, baada ya kuyumba kwa muda, nazo zililikubali deni hilo; waliolisahau ni sisi, kwa sababu hukumu fupi hukatwa upesi kando ya barabara, jua likiwaka na abiria wakinung'unika.

Kabla ya gari la kwanza kufika, njia za uwanda wa Makonde zilikuwa vichochoro vilivyopenya kichaka kizito. Mwaka 1866 David Livingstone alishukia Mikindani akaelekea Ruvuma akiwa na ngamia, nyati, nyumbu na punda, na haukupita muda akatambua kwamba njia iliyomtosha mpagazi na mzigo wake wa kichwani haikumtosha ngamia, ikambidi awaajiri Wamakonde watangulie na mashoka kumkatia matawi. Katika njia ya namna hiyo watu hawaendi sambamba. Hufuatana mmoja nyuma ya mmoja, na kila mtu humtazama mgongo aliye mbele yake kutwa nzima. Mpagazi aliyechukua pembe ya ndovu begani hakuweza kumkaribia mwenziwe sana asije akamchoma, wala hakuweza kumwacha akatokomea, kwa sababu kichaka kilichowafunga pande zote mbili kilimeza watu upesi.

Hapo ndipo desturi za misafara zilipofaa. Mbele alikwenda kirangozi, ambaye pamoja na fahari yake ya mavazi na ngoma alikuwa na kazi nzito ya kuushika mwendo wa wote: yeye ndiye aliyejua pa kupumzika na pa kulala, na hatua zake ndizo zilizopimiwa hatua za wale waliomfuata. Penye njia panda ilikuwa ada kukata tawi na kulilaza kuikingama njia isiyofuatwa, ili aliyeachwa nyuma, ambaye hawaoni tena wenziwe, ajue walikopita. Nyuma kabisa walikwenda wanyapara, wakiwahimiza wachovu. Msomaji na aangalie kwamba katika mpango huo mtu wa mbele hakuhesabiwa kuwa ametimiza wajibu wake kwa kwenda tu. Alipaswa kuwakumbuka asiowaona, na alama aliyoiacha njiani ilikuwa sehemu ya kazi yake sawasawa na mzigo.

Insafu yataka tutaje pia misafara mingine iliyopita nchi hizi ikitoka upande wa Nyasa kwenda Kilwa na Lindi, ambamo masafa baina ya mtu na mtu hayakuchaguliwa na yeyote katika waliotembea, bali yalipimwa kwa urefu wa kongwa na wa mnyororo. Aliyefungwa hakuweza kukaa mbali na aliye mbele yake, na aliye mbele akianguka alimwangusha na wa nyuma, na hakuna aliyeuliza kosa ni la nani kwa kuwa jibu lilijulikana, nalo halikuwa na faida kwa waliofungwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliwachukua kutoka Unguja watu walioachwa huru, akashuka nao Lindi, akawaongoza bara mpaka Masasi, ambako walijenga kijiji. Wakaenda kwa miguu, na safari hii hawakuwa na kitu shingoni.

Huko pwani ambako misafara ilishukia, elimu ilikuwa imekwisha kulipima jambo letu kwa mizani nyembamba kuliko yetu ya leo. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho wanazuoni na makadhi wa madhehebu ya Shafii wamekitegemea vizazi kwa vizazi, wametajwa watu wawili waliokumbana bila ya kukusudia wakafa wote wawili: kila upande huudai mwingine nusu tu ya diya, yaani fidia ya mauti, kwa sababu kila mmoja alikufa kwa kitendo chake mwenyewe pamoja na cha mwenziwe. Kisha hufuata mas'ala yaliyo karibu zaidi na sisi. Mtu amesimama njiani, au ameketi, au amelala, na mwingine akaja akajikwaa kwake, ikawa mauti. Ikiwa njia ni pana, aliyekuwapo njiani hadaiwi kitu. Ikiwa njia ni nyembamba, damu ya aliyeketi na ya aliyelala hupotea bure, na aliyejikwaa ndiye alipiwaye. Lakini aliyesimama tu hukumu yake ni kinyume, yeye hulipiwa na aliyejikwaa hana chake. Wafafanuzi wakaeleza kwamba kusimama ni katika mahitaji ya mwendo, maana msafiri husimama ili avute pumzi au amngoje sahibu yake, ilhali kuketi na kulala si katika mwendo.

Sidai kwamba kadhi yeyote wa Lindi au Mikindani aliamua daawa ya malori kwa maneno hayo. Nasema tu kwamba aliyeyasoma hawezi tena kuridhika na kanuni yetu ya maneno sita. Dereva aliyefunga breki kwa sababu mbuzi amekatiza barabara ni yule aliyesimama, na aliyemvaa kwa nyuma na alipe. Lakini lori lililokatika ekseli likaachwa kucha katikati ya njia bila taa wala alama ni yule aliyelala.

Mwaka 1906, Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani, alipofika Masasi na kisha kupanda Newala, alifika kwa miguu pamoja na wapagazi, na alichokikuta juu ya uwanda ni dhiki ya maji iliyowafanya watu washuke bondeni na kupanda tena na mitungi, dhiki ambayo haikupata tiba ya maana mpaka maji yalipoanza kusukumwa kwa mitambo katika miaka ya 1950. Vita Vikuu vya kwanza vikapita hapo: Novemba 1917 jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma kwa njia ya Newala, likavuka Ruvuma kule Ngomano. Waingereza walipokalia nchi walileta desturi ya kushika kushoto, wakaleta na sheria zao, kwa maana Tanganyika ilipewa kuzifuata kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na ndani ya shehena hiyo alikuwamo punda.

Punda huyo alikuwa mali ya mtu aitwaye Davies, ambaye alimfunga miguu ya mbele akamwacha ale majani katika barabara kuu. Na gari la Mann, likikokotwa na farasi watatu, likateremka mahali penye mteremko kidogo kwa mwendo wa haraka, likamponda. Mwaka 1842 mahakimu walisema kwamba hata kama Davies alikosa kumwacha mnyama wake barabarani, mwendeshaji angaliweza kumwepuka, na kwa hivyo Mann alipe. Kutokana na hukumu hiyo ikakua kanuni kwamba aliyekuwa na nafasi ya mwisho ya kuiepuka ajali ndiye abebaye mzigo wote. Kanuni hiyo ndiyo mama wa usemi wa madereva wetu, kwani katika kugongana kwa kufuatana, mwenye nafasi ya mwisho aghalabu ni wa nyuma. Ubaya wake ni kwamba haikujua kugawanya: mmoja alibeba yote na mwingine akaenda zake mikono mitupu, hata akiwa ndiye aliyemfunga punda.

Waingereza wenyewe walichoka nayo, wakatunga sheria mwaka 1945 ya kuwawezesha mahakimu kuigawanya hasara kwa kadiri ya kosa la kila mtu, na Tanganyika ikapata sheria ya namna hiyo katika miaka ya 1950. Karibu na wakati huo huo, katika hukumu ya mahakama ya Uskochi juu ya kampuni ya mabasi iitwayo Western SMT, Lord Cooper alieleza kwamba masafa baina ya magari mawili hayana kipimo kimoja, bali hutegemea mwendo, na mahali, na magari mengine yaliyopo, na mengineyo. Na kwamba afuataye anawajibika kukaa mahali ambapo ataweza kukabili kila jambo la njiani ambalo mtu mwenye akili angelitarajia. Aliposema linalotarajiwa, aliacha wazi mlango wa lisilotarajiwa, na mlango huo ndio tunaoutafuta katika mlima wa Newala. Hapa kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani Na. 30 ya mwaka 1973, ambayo ndiyo inayotumika hadi leo, imeweka kilomita 50 kwa saa penye makazi na kilomita 80 kwa magari makubwa na mabasi, ikafanya kuendesha bila uangalifu kuwa kosa; na uangalifu haukuwekwa kwa wa nyuma peke yake.

Malori yenyewe yalikuja kwa wingi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mradi wa karanga wa Waingereza uliofika Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, ukaanguka mwaka 1951 na kuacha nyuma yake bandari ya Mtwara na reli, nayo reli ikang'olewa mapema baada ya uhuru, ikawa kila gunia la Kusini halina tena njia ila mgongoni mwa lori. Ya pili ni korosho. Katika msimu wa 1973/74 nchi ilivuna yapata tani 145,000, sehemu kubwa ikitoka Kusini. Kisha vijiji vya Ujamaa vikawaweka watu mbali na mikorosho yao, bei ikapotea, ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua, na mavuno yakaporomoka mpaka karibu tani 17,000 katika miaka ya 1980, kabla ya salfa na bei njema kuyafufua hata yakavuka tani 300,000 katika msimu wa 2017/18. Mwaka uliofuata, bei ilipogomewa, serikali ililiamuru jeshi lizibebe korosho, na barabara za Masasi, Newala na Tandahimba zikaona malori ya kijeshi yakifuatana.

Korosho huvunwa wakati wa kiangazi kinachoishia, Oktoba na Novemba, wakati mchanga wa uwanda umekauka kabisa. Aliyewahi kufuata lori la korosho katika barabara ya vumbi msimu huo hahitaji kufundishwa na mtu masafa ya usalama. Lori huinua wingu jekundu linalotanda barabara nzima. Kwanza hupotea magurudumu, kisha hupotea turubai, kisha hupotea barabara. Dereva wa nyuma hufunga vioo, vumbi likaingia kwa milango, utingo akajifunga kanga puani. Na kama upepo hauvumi pembeni, hana hila ila kurudi nyuma mpaka wingu litue, nayo huweza kuwa mita mia mbili au zaidi. Hakufanya hivyo kwa ucha Mungu wala kwa hofu ya faini. Vumbi lilikuwa askari asiyekula rushwa. Ni kweli kwamba liliua pia, kwa kuwa mwenye pupa alilipenya ili apite, akakutana na ajaye. Lakini kugongana kwa nyuma, gari na gari zikiwa katika mwendo mmoja, halikuwa jambo la kila siku katika barabara ile.

Lami imemstaafisha askari huyo. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 na kuiunganisha Kusini na Dar es Salaam. Daraja la Umoja kule Mtambaswala likafunguliwa mwaka 2010 na kuiunganisha na Msumbiji. Barabara ya Masasi kwenda Lindi, na ile ya kwenda Tunduru, zikapata lami. Na mradi wa kilomita 160 kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi, pamoja na daraja la Mwiti, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umekusudiwa kuileta hata huku juu. Penye lami njia imekuwa safi, na basi linaweza kulisogelea lori mpaka kondakta akayasoma maandishi yote ya nyuma. Hesabu yake ni nyepesi: kwa mwendo wa kilomita 80, gari humaliza mita 22 kila sekunde, na binadamu mwenye afya, aliyelala vizuri, huchukua kama sekunde moja tangu kuona taa nyekundu mpaka mguu kuigusa breki; kwa hivyo aliye umbali wa mita kumi na tano anaweza kulifikia lililo mbele, likiwa limesimama kwa ghafla, kabla mguu wake haujafika. Ndiyo maana walimu wa udereva huagiza sekunde mbili, yaani mita 44, zihesabiwe tangu lililo mbele lipite mti au nguzo mpaka wewe uifikie. Na usiku, au penye mvua, au ukiwa na shehena, ziongezwe. Katika hili sina utetezi kwa wa nyuma. Barabara ikiwa tambarare na kavu, aliye mbele akiwa katika mwendo wake halali na taa zake zikiwaka, kanuni ya maneno sita inatosha.

Haitoshi usiku, lori likiwa limelala. Sheria inamtaka kila dereva awe na pembetatu mbili za kuakisi mwanga, na kuziweka nyuma na mbele ya gari lililoharibika. Desturi nayo, kongwe kuliko pembetatu, humwagiza utingo akate matawi ayatawanye barabarani kwa hatua kadhaa kabla ya gari, na dereva wa nchi hii akiona majani mabichi juu ya lami hupunguza mwendo pasipo kuulizwa. Ni tawi lile lile la kirangozi, ila limebadilisha kazi. Kasoro yake ni mbili: usiku majani hayang'ai, na mara nyingi gari likitengenezwa huondoka na kuyaacha, hata watu wakayazoea na kuyapuuza. Lakini dereva aliyelala chini ya lori lake bila pembetatu, bila majani, bila taa, kisha basi likalivaa, hana haki ya kusema kwamba yeye alikuwa mbele.

Na haitoshi mlimani. Lori lenye shehena likiupanda mlima wa Newala hushuka gia moja baada ya moja mpaka ya kwanza, likaenda polepole kuliko mtu wa miguu, na utingo huruka chini akatembea kando ya gurudumu la nyuma, kigogo cha mti mkononi, macho yake yakiwa kwenye tairi. Injini ikizimika, upepo wa breki ukipungua, au gia ikikataa kuingia, lori husimama kitambo kidogo sana, kisha huanza kurudi. Na katika kitambo hicho utingo hukisukuma kigogo chini ya tairi, akaondoa mkono. Akiwahi, hakuna habari. Akichelewa, tani za shehena hurudi juu ya yeyote aliyesogea nyuma yake, na likisha kutulia, picha inayoonekana ni ile ile ya siku zote: pua ya gari dogo imeingia chini ya bodi ya lori, na watu wa kwanza kufika wanasema, amemgonga kwa nyuma. Mwenye gari dogo akiwa na bima ndogo tu, isiyolipa hasara yake mwenyewe, maneno hayo humfilisi.

Siwezi kusema kwamba hana kosa lolote, kwa kuwa dereva mzoefu wa huko hungoja chini ya mlima mpaka lori limalize kona, na asiyengoja amejiingiza mwenyewe. Lakini hilo ni fungu dogo. Fungu kubwa ni la aliyepakia kupita uwezo, na la aliyeondoka bila kigogo. Askari ajaye kupima na futi kamba, akichora ramani ya ajali, anaweza kuyajua haya kama atainama: gari lililokuja kugonga huacha alama za matairi zikipanda kuelekea mahali pa kishindo, lakini lililogongwa likiwa limesimama haliachi alama za kupanda, bali lenyewe husukumwa likaburuzwa kuteremka, na vipande vya vioo vyake hubaki juu mlimani, hatua kadhaa mbele ya pua yake. Kisha amwite utingo kando, mbali na dereva wake, amwulize kigogo kiko wapi.